Mwenye Heri Anuarite, Mwalimu Aliyetimiza Alilofundisha

Mkatekumeni anayejitayarisha kupokea Ubatizo hujifunza mambo mengi. Hujifunza sala, hujifunza Amri za Mungu, hujifunza Sakramenti saba. Siku ya mtihani padri humwuliza, naye hujibu. Akijibu vema, hufurahi, na wazazi wake wa ubatizo hufurahi pamoja naye. Lakini uko mtihani mwingine usiofanywa kwa mdomo, wala siku yake haijulikani. Huja ghafula, pengine mchana shambani, pengine usiku nyumbani, na anayeulizwa hana nafasi ya kufungua kitabu. Siku hiyo hujulikana kama mafundisho yaliingia moyoni au yaliishia masikioni.

Habari hii ni ya mwalimu mmoja wa kike aliyewafundisha watoto wadogo miaka michache tu, kisha akaulizwa yeye mwenyewe mambo yale aliyowafundisha. Jina lake ni Anuarite. Kanisa lote humheshimu kwa jina la Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta, Bikira na Mfiadini. Sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.

Nchi yake na wazazi wake

Mtu akisimama Walikale na kuelekea kaskazini, mbele yake kuna msitu mkubwa. Akiweza kuupita msitu huo moja kwa moja, na kuuvuka mstari wa Ekweta, atafika katika nchi ya Wamba. Nchi hiyo si ngeni sana kwa mtu wa Walikale. Huko nako kuna miti mirefu, mito mingi, mvua nyingi, mashamba ya ndizi na mihogo, na vijiji vilivyojipanga kando ya barabara. Wenyeji wa huko ni Wabudu.

Huko Matali, karibu na Wamba, Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake aliitwa Isude. Mungu aliwajalia watoto sita, wote wasichana, na huyu alikuwa wa nne. Walimwita Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Mwaka 1943 mama yake alibatizwa kwa jina la Julienne, na mtoto naye akabatizwa siku hizo kwa jina la Alphonsine. Basi neema ya Ubatizo iliingia katika nyumba ile kwa mlango wa mama, kama inavyoingia katika nyumba nyingi.

Lakini nyumba ile haikukosa machozi. Baba alitamani mtoto wa kiume, naye hakumpata kwa Isude. Mwisho wake alimwacha mke wake, akaoa mwingine. Katika vilima vya Masisi na katika msitu wa Walikale watu wanaijua taabu ya namna hiyo. Mama aliyezaa wasichana watupu huhesabiwa kama asiyezaa, na watoto wake husikia maneno ya watu wakiwa kisimani na njiani. Nengapeta aliyasikia hayo, akaona huzuni ya mama yake. Jambo hilo lilimwumiza sana. Hata hivyo hakumchukia baba yake. Alimsamehe, akaendelea kumheshimu kama mzazi. Huo ulikuwa msamaha wake wa kwanza mkubwa, nao aliutoa nyumbani kwao, mahali ambapo kusamehe huwa kugumu kuliko penginepo.

Jina lililobadilika shuleni

Alipofika umri wa kusoma alipelekwa shule ya masista huko Wamba. Hapo lilitokea jambo dogo la kuchekesha. Dada yake mkubwa aliitwa Anuarite, naye alikuwa ameandikwa katika shule ile. Sista mwandikaji alipomwandika mdogo alichanganya majina, akamwandikia jina la dada yake. Kosa lile halikusahihishwa. Tangu siku hiyo Nengapeta aliitwa Anuarite, maana yake ni mtu anayeicheka vita. Hakuna aliyejua siku ile kwamba mtoto huyu, aliyepewa jina hilo kwa makosa, angekutana na vita uso kwa uso, wala vita isingemshinda.

Shuleni alikuwa msichana wa bidii. Hakuwa na majivuno, wala hakupenda kujionyesha. Alimpenda sana Bikira Maria, akasali Rozari kwa uaminifu. Baadaye alizoea kuchukua mfukoni sanamu ndogo ya Mama wa Mungu, na zoea hilo hakuliacha mpaka kufa.

Siku zile lilikuwako shirika jipya la masista wenyeji, lililoitwa Jamaa Takatifu. Nyumba yao kubwa ilikuwa Bafwabaka, ndani ya msitu. Wasichana wa Wamba waliona jambo ambalo bibi zao hawakupata kuliona: wasichana wa kabila lao wenyewe wakijitoa kwa Mungu, wakifundisha shule, wakiwauguza wagonjwa, bila kuolewa na bila kuona haya. Mmoja wa masista hao alikuwa amemfundisha Anuarite. Msichana alipomwona mwalimu wake akishika maisha ya utawa kwa furaha, moyo wake uliwaka. Mwalimu yule alikuwa amepanda mbegu, pengine bila yeye mwenyewe kujua. Kila mwalimu na kila katekista afikiri hapo. Watoto husahau maneno mengi ya darasani, lakini namna mwalimu anavyoishi huiangalia kila siku na kuikumbuka.

Anapanda gari kwa siri

Anuarite aliomba ruhusa ya kwenda Bafwabaka. Mama yake hakukubali. Alikuwa mama aliyeachwa, mwenye kazi nyingi na wasaidizi wachache, naye alitumaini msaada wa binti yake. Basi siku moja gari kubwa la misioni lilifika kuwachukua wasichana waliokwenda kuanza maisha ya utawa. Anuarite alipanda pamoja nao kimya kimya, akaenda zake. Nyumbani walipata habari baadaye kwamba mtoto wao yuko Bafwabaka.

Mkatekumeni asidhani kwamba habari hii yafundisha watoto kuwadharau wazazi. Amri ya Nne ya Mungu yabaki pale pale. Lakini Mungu akiita, sauti yake hutangulia sauti nyingine zote, na mzazi mwema mwishoni huitambua. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza, akapewa jina la Marie-Clémentine. Wazazi wake walikuja Bafwabaka siku hiyo, wakatoa mbuzi wawili kuwa alama ya kukubali. Kwa desturi za nchi zile zawadi ya mbuzi si kitu cha mchezo. Hutolewa pale jamaa inapofunga agano. Wazazi wale walionyesha mbele ya watu wote kwamba binti yao amekuwa wa Mungu.

Hata baada ya hapo majaribu hayakwisha. Mama yake alikuwa na shida, akatamani binti yake arudi nyumbani ili kuisaidia jamaa. Anuarite alimpenda mama yake, lakini hakurudi. Jina lake la kwanza lilimkumbusha kwamba mali hudanganya. Naye alikuwa ametoa ahadi.

Mwalimu wa watoto wa Bafwabaka

Anuarite alisomea ualimu, akapata hati yake, akawekwa kufundisha katika shule ya msingi ya Bafwabaka. Tena alitunza sakristia, akasaidia jikoni. Basi siku zake zilikuwa na kazi nyingi: altare ya Bwana, ubao wa darasa, na chungu cha mboga.

Mtu aweza kufikiri kwamba kati ya kazi hizo tatu, ile ya altare tu ndiyo takatifu. Anuarite hakufikiri hivyo. Alizifanya zote kwa moyo mmoja. Kazi iliyoachwa na wengine kwa sababu ni nzito au inachafua mikono, yeye aliichukua bila kungoja kuitwa. Nia yake ya kila siku ilikuwa kutumikia watu na kuwafurahisha, na katika hayo kumfurahisha Mungu. Nia hiyo ni fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza aweza kuishika. Lakini kuitimiza kila siku, pamoja na uchovu, pamoja na watu wenye maneno makali, ni jambo la kudumu maisha yote.

Wala asidhaniwe kuwa alikuwa malaika asiye na tabia ya kibinadamu. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuumia. Alipoona kosa alishindwa kulinyamazia, na baadhi ya watu walimwona mkali. Maana watakatifu hawakuzaliwa watakatifu. Walipewa tabia kama watu wengine wote, wakapigana nayo kila siku kwa msaada wa neema ya Mungu. Mkatekumeni anayejua kwamba yeye ni mwepesi wa hasira asikate tamaa. Yuko katika njia ile ile waliyopita waliotangulia.

Katika shule za misioni mwalimu hufundisha kusoma, kuandika na hesabu. Tena hufundisha dini. Huwaeleza watoto kwamba Mungu apendwe kuliko vitu vyote, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kwamba Bwana Yesu aliwaombea msamaha waliomsulibisha, na kwamba mwanafunzi wake hana budi kufanya vivyo hivyo. Maneno hayo ni rahisi kuandikwa ubaoni. Mwalimu huandika, watoto husoma kwa sauti moja, kisha ubao hufutwa. Yabaki swali moja: je, maneno hayo yameandikwa wapi tena?

Mwaka wa taabu

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Miaka iliyofuata ilikuwa na fujo nyingi. Mwaka 1964 uliinuka uasi mkubwa katika mashariki ya nchi. Waasi hao walijiita Simba. Mwezi wa Agosti 1964 waliushika mji wa Stanleyville, ambao leo huitwa Kisangani, na nchi za Wamba na Isiro zikawa chini yao. Wengi wao walikuwa vijana wadogo. Watu waliuawa, mali ziliporwa, na mapadri na masista waliteswa mahali pengi. Tarehe 26 Novemba 1964 Askofu wa Wamba, Mhashamu Joseph Wittebols, aliuawa pamoja na wengine.

Bafwabaka ilikaa kwa hofu, lakini masista hawakuacha kazi zao. Ndipo tarehe 29 Novemba 1964, siku ya Dominika, waasi walifika na gari kubwa. Waliwaambia masista kwamba wanawahamisha kwa usalama wao. Masista wakapandishwa garini, zaidi ya 40, pamoja na Mama Mkuu wao, Léontine Kasima. Waliambiwa wanapelekwa Wamba. Njiani amri ilibadilika, wakapelekwa Isiro. Anuarite alikuwa kati yao, na sanamu yake ndogo ya Bikira Maria mfukoni.

Watu wa Masisi na Walikale wanajua safari za namna hiyo. Wanajua jinsi moyo unavyopiga mtu anapoondolewa nyumbani na watu wenye silaha, asijue atalala wapi. Si lazima waelezwe zaidi.

Usiku wa Isiro

Walifika Isiro jioni ya tarehe 30 Novemba 1964. Wengi wa masista walipelekwa katika nyumba nyingine. Wachache walibaki, na Anuarite pamoja nao. Mkubwa mmoja wa waasi, Kanali Ngalo, alikuwa amemwona, akataka kumfanya mke wake. Anuarite alikataa. Mama Kasima naye alimtetea, akaeleza kwamba huyu ameweka nadhiri kwa Mungu, wala hawezi kuwa mke wa mtu. Walimtisha Mama Mkuu, lakini hakurudi nyuma.

Chakula kilipoletwa, Anuarite hakuweza kula. Aliwaomba wenzake wamwombee. Alijua kwamba saa yake imekaribia. Alisema wazi kuwa afadhali afe kuliko kuivunja ahadi aliyoitoa.

Kanali Ngalo aliposhindwa, alimwomba mwenzake, Kanali Olombe, amshawishi msichana. Lakini Olombe naye akamtaka kwa ajili yake mwenyewe. Usiku ulipokuwa mwingi alimwamuru Anuarite aingie garini, pamoja na sista mwenzake aliyeitwa Jeanne-Baptiste Bokuma. Olombe alipokwenda kuchukua ufunguo wa gari, masista wawili walijaribu kukimbia. Akawashika, akaanza kuwapiga kwa ukali. Sista Bokuma alivunjwa mkono, akaanguka akazimia. Anuarite aliendelea kukataa huku akipigwa.

Hapo ndipo ulipokuja ule mtihani usio na kitabu. Mwalimu wa Bafwabaka aliyewafundisha watoto kuwasamehe adui, sasa adui alisimama mbele yake na silaha mkononi. Asingeweza kusema kwamba somo hilo ni la kesho. Katikati ya mapigo alimwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui afanyalo, na kwamba yale aliyoyataka yeye ni kubaki mwaminifu kwa Mungu. Olombe aliposikia hayo hasira yake ilizidi. Aliwaita askari wake wamchome kwa visu vya bunduki. Kisha yeye mwenyewe alimpiga risasi kifuani.

Ilikuwa usiku wa manane, tarehe 1 Desemba 1964. Anuarite alikuwa na umri wa miaka 24. Zilikuwa zimebaki wiki nne tu atimize miaka 25.

Mwili wake ulizikwa kwanza pamoja na miili ya watu wengine waliouawa. Baadaye ulitolewa na kuzikwa kwa heshima. Siku hizi masalia yake yamo katika kanisa kuu la Isiro, na Wakristu huenda hapo kusali.

Jambo la kufahamu vema

Hapa lazima neno moja lielezwe wazi, kwa sababu vita imewaumiza wanawake na wasichana wengi wa Masisi na Walikale. Wako walioshikwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Wakisikia habari ya Anuarite, pengine watafikiri kwamba wao wamepoteza kitu mbele ya Mungu kwa sababu hawakufa. Sivyo kabisa. Dhambi ni jambo la hiari. Aliyeshikwa kwa nguvu hakutenda dhambi; dhambi yote ni ya yule aliyemshika. Mama huyo au msichana huyo ni safi machoni pa Mungu kama alivyokuwa jana. Yesu Kristu mwenyewe alivuliwa nguo, akapigwa, akaaibishwa mbele ya watu, na aibu ile haikuwa yake.

Tena mume anayemfukuza mke wake kwa sababu ya msiba huo, na jirani anayemcheka, wanaongeza jeraha juu ya jeraha. Katika vita hiyo wamesimama upande wa mwenye silaha. Kanisa halimheshimu Anuarite ili kuwahukumu dada zake walioteswa. Linamheshimu kwa sababu alimpenda Mungu mpaka mwisho na akamsamehe aliyemwua. Yeye ni dada na mwombezi wa wote walioonewa.

Msamaha uliofika mbali

Tarehe 15 Agosti 1985, siku ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuwa Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Mbele ya umati mkubwa wa watu alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri. Siku hiyo Baba Mtakatifu alitamka mbele ya wote kwamba yeye pia, kwa jina la Kanisa lote, anamsamehe yule aliyemwua, kama Anuarite mwenyewe alivyomsamehe.

Msamaha ule ulianza katika nyumba ya Matali, mtoto alipomsamehe baba yake. Ulikua katika darasa, jikoni na katika sakristia ya Bafwabaka, ambako kila siku kulikuwa na kosa dogo la kusamehe. Ukapita katika usiku wa Isiro. Zaidi ya miaka 20 baadaye ulitangazwa mbele ya dunia yote. Kama Anuarite asingejizoeza kusamehe mambo madogo, angeupata wapi msamaha ule usiku wa manane? Askari hajifunzi kushika ngao siku ya vita. Mwanafunzi hajifunzi kusoma siku ya mtihani.

Mkatekumeni ajifunze nini

Mwezi wa Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, huko Walikale, na vita ikaenea mpaka Masisi. Tangu wakati huo vita imekwenda na kurudi mara nyingi. Jirani aliyelima shamba kando ya shamba la jirani, watoto wao wakasoma pamoja, aliamka siku moja akaambiwa kwamba yule mwenzake ni adui. Mashamba yaliachwa, ng'ombe waliporwa, shule zilifungwa, watu wakakimbia na vitu vichache vichwani. Wengine walirudi, wakakuta nyumba zimeungua.

Basi mkatekumeni wa nchi hiyo, anaposali Baba Yetu, hufika mahali panapochoma. Ni pale anapomwomba Mungu amsamehe kama yeye anavyowasamehe waliomkosea. Wengine hupapita haraka. Wengine hunyamaza. Lakini Ubatizo hauwezi kuruka mahali hapo. Siku ile padri atauliza kama mkatekumeni anamkataa Shetani na kazi zake zote. Chuki ni kazi mojawapo ya Shetani, na kisasi ni nyingine.

Kusamehe si kusema kwamba ubaya haukuwa ubaya. Anuarite hakumwambia Olombe kwamba anatenda vema. Alimkataza, akamkatalia, akajaribu kukimbia. Kusamehe hakuzuii mtu kutafuta haki mbele ya wakubwa, wala hakumlazimishi mtu kumrudishia mwizi ufunguo wa nyumba. Kusamehe ni kutomwombea mwenzako maangamizi. Ni kukubali kwamba huyu naye Mungu amwita aongoke. Mtu akiona moyo wake hauwezi, aanze kwa kuomba neema hiyo. Aseme jina la yule aliyemkosea katika sala yake ya jioni, mara moja tu. Kesho yake aseme tena.

Jambo la pili ni ahadi. Mkatekumeni ataahidi mambo makubwa siku ya Ubatizo wake. Asiyafanye kama mtu anayekubali maneno sokoni ili aondoke. Anuarite aliahidi mara moja, na ahadi ile alitakiwa kuilipia. Mama yake alipomtaka arudi, ahadi ilisimama. Kanali alipomtisha, ahadi ilisimama. Mume na mke wanaofunga Ndoa Takatifu, mwalimu anayekabidhiwa watoto wa watu, katekista anayekabidhiwa kijiji, wote wana ahadi yao.

Jambo la tatu lawahusu walimu. Mwalimu wa kijiji katika Masisi au Walikale mara nyingi hungojea mshahara wake siku nyingi. Hufundisha katika darasa lenye paa linalovuja, watoto wakiwa wengi na vitabu vichache. Pengine hujiuliza kama kazi yake ina faida. Akumbuke kwamba Anuarite hakuandika vitabu, wala hakujenga chuo kikubwa. Alifundisha watoto wadogo katika shule ya msituni. Wala mambo mengi aliyoyaandika ubaoni hayakumbukwi tena. Lakini jinsi alivyoishi kumekuwa somo kwa Afrika yote. Mwalimu anayempokea mtoto maskini sawa na mtoto wa tajiri, asiyeuza alama za mtihani, anayeheshimu wasichana aliopewa kuwafundisha kama dada zake na binti zake, huyo anafundisha Katekisimu hata saa ya hesabu.

Na wazazi wasikie hili la mwisho. Baba yule alitamani mtoto wa kiume, akawahesabu binti zake sita kuwa si kitu. Mmoja wao Kanisa limemweka juu ya altare. Mzazi anayemzuia binti yake asiende shule hajui ni nani aliyemficha nyumbani mwake.

Ee Mungu, uliyempa Mwenye Heri Anuarite nguvu ya kutunza ahadi yake na upendo wa kumsamehe aliyemwua, uwajalie wakatekumeni wako moyo wa namna hiyo. Uwape walimu uvumilivu, uwaponye walioteswa, uzirudishie amani nchi za Masisi na Walikale. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Maswali ya kufikiri pamoja na katekista

1. Anuarite alimsamehe nani kwanza kabla ya usiku wa Isiro? Kwa nini kusamehe watu wa nyumbani huwa kugumu?

2. Alifanya kazi gani tatu Bafwabaka? Je, kazi ya jikoni yaweza kumpendeza Mungu sawa na kazi ya altare?

3. Kusamehe ni nini, na si nini?

4. Kwa nini mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu hana dhambi? Jamaa yake na Wakristu wa kijiji chake wana wajibu gani kwake?

5. Mkatekumeni ataahidi nini siku ya Ubatizo wake? Ni ahadi ipi anayoiona kuwa nzito kwake, naye aanze leo kumwomba Mungu msaada kwa ajili yake?